Kabla ya Kuulizia Hoteli, Ulizia Maji

Sikukuu na likizo za shule zinapokaribia, simu za wenye hoteli na nyumba za wageni za Unguja hazikatiki. Maswali huwa ni yaleyale. Chumba ni kiasi gani kwa usiku? Kifungua kinywa kimo ndani ya bei? Kuna bwawa la kuogelea? Umeme ukikatika, jenereta ipo? Ni maswali ya haki, maana kila mtu anauliza kwa ajili ya fedha yake. Lakini swali litakaloamua kama familia itafurahi au itarudi nyumbani na kinyongo, wachache ndio wanaoliuliza: siku tutakazokuwapo, maji yanajaa saa ngapi?

Matokeo yake yanafahamika. Familia imetoka Dodoma au Nairobi, imefika Paje saa nne asubuhi, watoto wameshavaa nguo za kuogelea, na bahari haipo. Imerudi hadi kwenye mwamba, mbali huko ambako mawimbi yanaonekana kama mstari mweupe tu. Wanakaa mgahawani kusubiri, wanaagiza soda, wanaagiza chipsi, watoto wanaanza kununa. Maji yanaporudi alasiri, dereva wa kuwarudisha mjini naye keshawasha gari. Hakuna aliyewadanganya. Picha walizoziona kwenye simu ni za kweli, ila zilipigwa maji yakiwa yamejaa.

Makala haya ni kwa ajili ya msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kwenda ufukweni Unguja, awe wa kushinda mchana mmoja au wa kulala wiki nzima. Ushauri wangu mkuu ni huu: chagua maji kwanza, hoteli baadaye. Ukishajua mwenendo wa maji, wa upepo na wa watu wa mahali hapo, mengine yote yanapangika.

Hesabu ya maji

Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku ratiba huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo maji yaliyojaa saa tisa alasiri leo, kesho yatajaa karibu na saa kumi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huwa ni bamvua. Maji hujaa sana na kukauka sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu: maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na tofauti hiyo hupungua hadi mita 1 na kidogo.

Kwa kuwa maji hufuata mwezi, kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha kukupa picha ya kwanza. Tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, maji ya Unguja hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Tarehe 8 na 22 mambo hugeuka: maji hujaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kuanzia tarehe 10 hadi 12, na tena tarehe 25 hadi 27, maji hujaa mchana, kati ya saa sita na saa nane. Hizo ndizo siku nzuri kuliko zote kwa watu wanaotoka mjini asubuhi na kurudi jioni.

Itumie hesabu hii kwenye sikukuu. Idi el Fitri ni mwezi mosi Shawali, kwa hiyo ni bamvua: asubuhi pwani ya mashariki itakuwa kavu, na maji mazuri yatakuja jioni. Msikimbilie kutoka mapema. Kuleni pilau nyumbani, tembeleeni jamaa, kisha ondokeni saa saba. Idi el Haji ni tarehe 10 ya Mfungo Tatu, na maji hujaa karibu na saa sita mchana. Hapo ondokeni asubuhi.

Hesabu hii ni ya kukadiria. Kabla ya kulipa chochote, tazama jedwali la maji la tarehe yenyewe, ambalo siku hizi linapatikana kwenye simu na katika mbao za matangazo za hoteli nyingi za pwani. Na kama una mtu unayemfahamu huko, mwombe amuulize mvuvi yeyote. Ratiba ya maji anayo kichwani, kwa sababu ndiyo ratiba ya kazi yake.

Upande upi wa kisiwa

Fukwe za Unguja hazifanani, na tofauti kubwa iko chini ya maji. Pwani yote ya mashariki, kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Pongwe na Uroa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuko. Kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya kina kifupi, yaliyotulia, ya rangi ile ya samawati ambayo watu huisafiria kutoka mbali. Bamvua ikipwa, maji hayo karibu yote hutoka. Kwa anayetaka kuogelea, muda wa uhakika ni kama saa mbili kabla ya kujaa na saa mbili baada ya kujaa.

Kaskazini, hasa Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, sakafu ya bahari inashuka upesi. Maji hupwa huko kama kwingine, lakini hayaendi mbali, na mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Kama safari yako ni ya siku moja na huwezi kuchagua tarehe, elekea kaskazini. Gharama yake ni msongamano: Nungwi ina hoteli nyingi, muziki, wachuuzi na wageni wengi kuliko sehemu nyingine za kisiwa. Kendwa ni sehemu ya kutazama machweo, lakini ukiwa na watoto wadogo au wazee, uliza kama hoteli unayoitaka ina sherehe za usiku wa mwishoni mwa wiki.

Anayetaka utulivu aangalie Matemwe, Pongwe au Jambiani. Jambiani ni kijiji kirefu kando ya bahari, na hoteli ndogo zimekaa katikati ya nyumba za watu. Ukitoka kwenye chumba uko kijijini. Paje ni ya vijana na ya wacheza kaiti, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa. Kiwengwa ina hoteli kubwa za ukuta na geti, ambazo chakula na vinywaji vyote vimo ndani ya bei. Michamvi, kwenye ncha ya rasi, ina jambo la pekee: upande mmoja unatazama bahari kuu, na upande wa Kae unatazama ghuba ya Chwaka, kwa hiyo ukiwa mashariki ya kisiwa unaweza kuona jua likizama majini.

Kusini kuna Kizimkazi. Watu wengi huenda kwa ajili ya pomboo, lakini pale Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na hautakuchukua zaidi ya nusu saa kuutembelea kwa adabu. Karibu na mji kuna Bububu, Fumba na Mangapwani. Mchanga wake si mpana kama wa mashariki, lakini zinafaa kwa mwenye mchana mmoja tu na nauli ndogo.

Na kama unataka ufuko usio na kitu isipokuwa mchanga na miti, vuka hadi Pemba uende Vumawimbi, kando ya msitu wa Ngezi. Huko usitegemee choo, kivuli cha kukodi wala mgahawa. Beba maji, chakula na mfuko wa kurudishia taka zako.

Upepo na mvua

Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Masika ni Machi hadi Mei, na vuli huwa Oktoba hadi Disemba. Bei za vyumba huwa juu Julai, Agosti na mwisho wa mwaka. Wakati wa masika hushuka, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa ili kufanya matengenezo. Mwenye bajeti ndogo atapata nafuu mwanzoni mwa Juni au katika Novemba, ambapo mvua za vuli huwa za vipindi na jua hurudi.

Kusi inapovuma kwa nguvu, pwani ya mashariki hupata mawimbi kwenye mwamba na upepo usiokwisha, na mara kwa mara mwani wa porini hutupwa ufukweni kwa wingi. Mwani huo hauna madhara. Unanuka kidogo ukioza juani, na baada ya siku kadhaa bahari huuchukua tena. Muulize mwenye hoteli wiki ya safari hali ikoje, naye mwaminifu atakwambia.

Kuna jambo moja kuhusu upepo ambalo nataka kila mzazi alishike. Fukwe za magharibi na za Kendwa zinaonekana tulivu kwa sababu upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Upepo huohuo humsukuma mtoto aliyekaa juu ya boya au mpira wa gari na kumpeleka kwenye kilindi, kimyakimya, huku maji yakiwa yametulia kabisa. Boya la kuchezea lifungwe kamba, na kamba ishikwe na mtu mzima.

Huduma: maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Vyoo na bafu za umma ni chache sana katika fukwe za Unguja. Huduma karibu zote ziko mikononi mwa hoteli na migahawa. Kwa mtu wa kushinda, hilo maana yake ni kwamba lazima uwe na mwenyeji: mgahawa au hoteli ambayo utanunua chakula, nayo ikupe kiti, kivuli, choo na maji ya kujisuuza. Wengine wanadai ada ya kuingia, wengine wanataka ununue kiasi fulani, wengine hawapokei wageni wasiolala. Piga simu siku moja kabla na uulize haya:

Watu wasiolala wanaruhusiwa? Kuna ada, na je, ada hiyo inakatwa kwenye chakula? Vitanda vya kujilaza na miamvuli ni bure au ni vya kukodi? Kuna chumba cha kubadilishia nguo, tofauti kwa wanawake na wanaume? Kuna bafu la maji baridi, na maji yake ni matamu au ya chumvi? Visima vingi vya vijiji vya pwani vina chumvi, na hili ni muhimu kwa mwenye nywele za kusuka au mtoto mwenye ngozi nyepesi. Gari litaegeshwa wapi? Kutoka maegesho hadi mchangani ni mbali kiasi gani, na kuna ngazi? Baadhi ya hoteli za Unguja zimejengwa juu ya genge la mawe ya matumbawe, na kushuka ufukweni ni kwa ngazi ndefu. Bibi mwenye magoti mabovu au mtu wa kiti cha magurudumu atafika hotelini lakini bahari ataiona kwa mbali tu. Hakuna atakayekwambia usipouliza.

Uliza pia kuhusu chakula. Migahawa mingi ya ufukweni hupika kwa oda, na samaki wa kupaka, pweza wa nazi au ugali kwa watu wanane huweza kuchukua zaidi ya saa nzima. Agizeni mnapofika, kisha ingieni majini. Vijijini kuna magenge na mama lishe wanaouza wali, maharage, samaki na chapati kwa bei ya kawaida; tembea hatua chache kutoka ufukweni utawaona.

Na uliza malipo. Nje ya mji mashine za kutolea fedha si nyingi, na siku za sikukuu huishiwa fedha. Malipo kwa simu yanakubalika sehemu nyingi, lakini beba taslimu za kutosha nauli, chakula na dharura.

Kuhusu usafiri, daladala zinafika karibu fukwe zote, na zile za Nungwi na za Jambiani zinafahamika kwa namba zake 116 na 309. Nauli ni ndogo, ila safari ni ndefu na za mwisho huondoka mapema jioni. Muulize kondakta unaposhuka: gari la mwisho kurudi mjini ni saa ngapi? Mkiwa watu sita na zaidi, kukodi gari dogo la abiria kwa siku nzima mara nyingi hakuzidi sana nauli ya teksi mbili. Anayetoka Bara abebe kitambulisho, maana bandarini huulizwa. Mgeni asiye Mtanzania aulizie mapema masharti ya bima ya safari, ambayo Zanzibar inaidai tangu Oktoba 2024.

Ndani ya maji

Usitarajie kumkuta mwokozi amekaa juu ya mnara na filimbi. Hoteli chache zina watu wa kutazama waogeleaji, na fukwe nyingi hazina kabisa. Kwa hiyo usalama wa familia yako ni kazi yako.

Mteueni mtu mzima mmoja wa kutazama watoto, kwa zamu, na aliye zamu asishike simu, asilale, asinywe pombe. Mtoto asiyejua kuogelea asiwe mbali na mkono wa mtu mzima, hata maji yakiwa ya magoti. Maji yanapojaa pwani ya mashariki hupanda upesi juu ya mchanga uliokuwa mkavu. Kundi lililotembea hadi karibu na mwamba kutazama samaki linaweza kukuta njia ya kurudi ni mkondo unaofika kifuani. Mkitaka kwenda mwambani, ondokeni maji yakiwa bado yanapwa, mkiwa na mtu wa kijijini anayezijua njia, na mgeuke kabla maji hayajaanza kurudi.

Mwamba una sehemu zilizo wazi ambazo wavuvi huziita milango, na vyombo hupitia hapo kwenda bahari kuu. Maji yanapopwa, yote yaliyokuwa ndani hutafuta milango hiyo, na mkondo wake una nguvu kuliko muogeleaji hodari. Usiogelee karibu na mlango wakati wa maji kupwa. Ukishikwa na mkondo usishindane nao. Elea, punga mkono, piga kelele, na uogelee kwa kukata ubavuni, sambamba na ufuko, mpaka nguvu yake iishe, ndipo urudi.

Paje na popote penye kaiti, muulize mtu wa hapo eneo la waogeleaji ni lipi. Kamba za kaiti ni nyembamba, zimekazwa na upepo, na huenda kwa kasi.

Neno moja kwa dada na mama zetu. Siku za Idi wengi huingia majini na dera, baibui au kanga. Nguo pana ikilowa huwa nzito, huzunguka miguuni, na ukianguka kwenye maji ya kiunoni inakuzuia kusimama. Kujisitiri kunawezekana bila hatari: suruali ya kubana na blauzi ndefu ya kitambaa chepesi, au vazi la kuogelea la stara ambalo siku hizi linauzwa mjini. Dera libaki mchangani, livaliwe ukitoka.

Miguu na ngozi

Viatu vya mpira vinavyoshika mguu, kama yeboyebo, ni bora kuliko kandambili ambazo maji huzichukua. Kwenye mawe na majani ya bahari wamejaa viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyayo. Ukichomwa, toa kwa kibano ile inayoonekana, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, na nenda kituo cha afya kama mwiba umeingia kwenye kiungo au mguu unavimba. Mahali penye mchanga laini buruta nyayo badala ya kuzinyanyua, ili samaki aitwaye taa, aliyejifukia hapo, akusikie na akimbie. Kiumbe aitwaye konyeza akikuwasha, jisuuze kwa maji ya bahari, usijisugue kwa mchanga.

Wapo wanaosema ngozi nyeusi haiungui. Inaungua. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, jua la mchana linaangukia utosini, na maji na mchanga mweupe huurudisha mwanga usoni. Watoto wavalishwe fulana na kofia, wapumzike kivulini mara kwa mara kuanzia saa tano hadi saa tisa, na wanywe maji au madafu bila kungoja waseme wana kiu.

Ufuko una wenyewe

Fika Paje au Jambiani siku ya bamvua saa nne asubuhi, wakati ule wageni wanapolalamika kwamba bahari imekauka, na utaona kazi ikianza. Wanawake wanatoka kijijini kwa makundi, mtandio kichwani, sketi imekunjwa, magunia mgongoni, wakitembea kwenye maji ya vifundoni hadi kwenye mistari ya vijiti. Kati ya kijiti na kijiti kuna kamba, na kwenye kamba umefungwa mwani kwa vipande, kila kimoja kwa fundo lake. Wanainama, wanakagua, wanafungua uliokomaa, wanafunga mbegu mpya, na saa chache baadaye maji yanawarudisha nyumbani. Kilimo hiki kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanawake wengi wa mashariki wamesomesha watoto na kujenga nyumba kwa fedha yake.

Sasa mfikirie mgeni anayekatiza katikati ya mistari hiyo, akikanyaga kamba, akielekeza simu kwenye uso wa mama aliyeinama. Kijiti kikilala, kamba inalegea, mwani unachukuliwa na maji. Zunguka shamba. Salimia kwanza, kwa shikamoo kama amekuzidi umri. Ukitaka picha, omba, na akikataa kubali.

Mavazi ya kuogelea ni ya ufukweni na hotelini. Ukikata kona kuingia kijijini, dukani au njia ya msikitini, jifunge kanga, vaa shati. Wenyeji hawatakukaripia, na ndiyo sababu inakupasa ujue mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Kula ndani ya hoteli.

Viumbe vya bahari navyo viachwe mahali pake. Kile kiumbe chekundu chenye mikono mitano, kiti cha pweza, hupumua ndani ya maji. Kila siku viumbe hivi vinanyanyuliwa, vinapangwa juu ya mchanga kwa ajili ya picha, vinapitishwa mkono kwa mkono, kisha vinarushwa majini vikiwa vimekwisha kudhoofika. Kitazame chini ya maji, mwoneshe mtoto wako, kisha kiache. Usinunue makombe makubwa, usivunje matumbawe, wala usisimame juu yake unapotazama samaki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, kwa hiyo pakia vitu vyako kwenye kikapu au mfuko wa nguo.

Mashua, papasi na mali zako

Vijana wanaoitwa papasi watakufuata wakitaka kukuuzia safari za mashua, viungo, hina au vinyago. Wengi wanatafuta riziki yao kwa uaminifu. Kama huhitaji, sema "hapana, ahsante" mara moja kwa heshima, na usiseme "baadaye" kama huna nia, kwa sababu atakungojea kweli.

Ukitaka safari ya kisiwa cha Mnemba, Kizimkazi au ghuba ya Menai, patana kila kitu nchi kavu: bei ni ya mtu au ya chombo, ada ya hifadhi imo, chakula kimo, mtarudi saa ngapi. Kisha tazama jaketi okozi kwa macho yako na uzihesabu. Ziwe sawa na idadi ya watu, na za watoto ziwe za watoto. Zisipotosha usipande, hata kama umeshalipa. Kwa pomboo, mwambie nahodha mapema kwamba hamtaki wafukuzwe wala kuzungukwa. Mkikaa kwa utulivu wenyewe husogea.

Usiache simu na pochi mchangani bila mtu, na usitembee ufukweni peke yako usiku mahali pasipo na taa.

La mwisho

Fukwe hizi ni zetu kabla ya kuwa za mtu yeyote aliyesafiri kwa ndege kuja kuzitazama. Wengi wetu tunaishi saa chache tu kutoka hapo na hatujawahi kukanyaga mchanga wake, kwa kudhani kwamba ni mahali pa wenye dola. Sivyo. Mchana mmoja wa Jambiani, kwa daladala na wali wa mama lishe, uko ndani ya uwezo wa familia nyingi ikipanga. Basi panga. Tazama mwezi, piga simu, uliza choo, uliza ngazi, hesabu jaketi, wape watoto maji ya kunywa. Na ukifika, wasalimie wenye ufuko wao kabla ya kutandika mkeka.